Wakaguzi wa Mazingira

Mwalimu aliiona shule yake kutoka mbali, na hilo lenyewe lilimshtua. Kwa miaka kumi na miwili shule ile ilikuwa na rangi ya udongo ulioizunguka; mtu aliweza kupita njia ya juu asijue kama huko chini kuna shule, mpaka asikie kengele. Leo, akiwa bado kileleni na begi begani, aliona kitu cha njano, kitu cha pinki na kitu cha kijani, vimepangana bondeni vikimeremeta. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Rangi zilikuwa palepale.

"Mungu wangu," akasema peke yake. "Siyo wiki hii."

Ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni, na Mwalimu ndiye mtu pekee wa shule ile aliyejua Alhamisi kuna nini hasa. Miaka mitatu nyuma aliandika ombi la kurasa nne kwenda makao makuu ya mkoa, akieleza kwa nini walimu wa pale walistahili posho ya mazingira magumu, ambayo ni theluthi ya mshahara. Hakujibiwa kwa barua. Alijibiwa kwa mdomo, mlangoni, na karani aliyekuwa akielekea kula: kwenye rejista, shule yenu ina barabara ya lami getini. Kweli ilikuwemo kwenye rejista. Lami hiyo ilichorwa kwenye ramani kabla Mwalimu hajaolewa, na tangu siku hiyo haijatoka kwenye ramani.

Sasa, alipokuwa mjini kwa siku tisa akisahihisha mitihani, Jumanne karani yuleyule alimfuata kwenye meza ya chai akamwambia ombi lake limefufuka. Alhamisi wakaguzi wangefika wenyewe, wajionee kwa macho kama mazingira ni magumu kweli. Mwalimu aliruka kwa furaha, akampigia mumewe mara sita, akamtumia ujumbe mara sita. Lakini pale kwao simu hupata mtandao juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule tu, na mumewe siku hiyo hakuwa juu ya jiwe. Alikuwa juu ya ngazi.

"Mwalimu!" mumewe akaita alipomwona akiingia getini. Alikuwa fundi rangi, na watu wote, mkewe akiwamo, walimwita Fundi. Alikuwa na rangi mpaka kwenye kope. "Usiseme kitu! Zunguka kwanza. Zunguka, halafu ndiyo useme."

Mwalimu akazunguka. Darasa la Kwanza lilikuwa pinki, Darasa la Pili njano, ofisi ya walimu kijani. Madirisha yalikuwa na kingo nyeupe zilizonyooka, na mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa moja baada ya jingine mpaka chooni. Choo chenyewe kilikuwa na rangi ya samawati. Kwenye ukuta wa Darasa la Tatu Fundi alikuwa ameandika jedwali lote la kuzidisha kwa herufi nono, na hapo ndipo Mwalimu alipopata sauti.

"Saba mara nane siyo hamsini na nne," alisema.

"Nitarekebisha hiyo," Fundi akajibu, akiteremka ngazi huku akicheka. "Nyingine je? Makopo yote yaliyobaki kwa miaka minne, Mwalimu! Ile pinki ni ya saluni, njano ya duka la dawa, kijani ya zahanati ya kule mjini. Sikununua hata tone. Mkuu wenu alipata ujumbe kutoka ofisini: Alhamisi watafika wakaguzi wa mazingira. Tukasema safari hii zile ndoo hazitupiti."

Ndoo ni za mashindano ya usafi. Mwaka uliopita shule ya ng'ambo ya mto ilishinda ndoo mbili na mafagio kumi, na watu wa huku waliumia roho. Mkuu wa sasa alihamia Januari. Ombi la posho hakulijua. Aliposoma neno mazingira aliona fagio, kama ambavyo mtu yeyote aliyepita shuleni angeona, akaita wazazi, na wazazi wakaja na majembe, na Fundi akaja na makopo.

"Magumu, Fundi," Mwalimu akasema polepole. "Wanakuja kukagua mazingira magumu."

Fundi alikuwa bado na tabasamu. Likabaki usoni kidogo bila mwenyewe, halafu likaondoka.

"Lile ombi lako?"

"Lile ombi langu."

Fundi akaketi kwenye kipandio cha mwisho cha ngazi, akaitazama shule yake nzuri, ukuta kwa ukuta, akashika tama.

*

Nyumbani kwao kulikuwa mwendo wa dakika tano kutoka shuleni. Mama mkwe, ambaye wajukuu walimwita Bibi na kila mtu akafuata, alikuwa amekwisha kupata habari kabla hawajafika. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, akiutazama kama aliyegundua kuwa umemsaliti.

"Mwanangu, mimi nimefagia mpaka njia ya mbuzi," alimwambia Mwalimu. "Nisamehe."

"Huna kosa, mama."

"Wakija nitalala hapa mlangoni nikohoe. Nikikohoa kwa bidii hata daktari hukata tamaa."

"Hapana, mama."

"Nipe nusu saa na ndoo mbili za tope," Fundi akasema. "Naipaka shule nzima upya, inarudi ilivyokuwa."

"Hapana, Fundi. Kesho watoto mia mbili wataniuliza kwa nini nimewachafulia shule, na mimi sitakuwa na la kuwajibu." Akavua viatu. "Na isitoshe, wewe hujawahi kuharibu kazi yako mwenyewe. Utafika ukuta wa kwanza, utaanza kulia."

Fundi hakubisha, maana alijijua.

Walikula mapema, jua likiwa bado halijazama, na kwa muda hakuna aliyetaja kilichokuwa ndani ya begi la Mwalimu. Kilikuwa karatasi moja: fomu ya kubadilishana vituo. Waliizungumza kabla hajaondoka. Binti yao wa kwanza alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na ada ya muhula ilikuwa laki nane. Mshahara wa Mwalimu ulikuwa laki sita kwa mwezi. Theluthi ya laki sita ni laki mbili, na muhula una miezi minne; mwalimu wa hesabu hakuhitaji kalamu. Walikubaliana kwamba akimpata mwalimu wa mkoa wenye posho anayetaka kuja huku, wabadilishane, naye aende peke yake kwa miaka mitatu. Fundi asingeweza kumfuata. Kazi yake ilikuwa huku, mama yake alikuwa huku, na wadogo walikuwa darasani.

"Umempata?" hatimaye Fundi akauliza.

"Nimempata. Wa kaskazini. Anataka kuja karibu na mama yake anayeumwa. Fomu inatakiwa ofisini Ijumaa."

"Siku mbili kwa basi."

"Siku mbili na nusu."

Bibi akainuka, akawaita wajukuu waende kuangalia kuku ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

"Nikwambie kitu, Fundi," Mwalimu akasema. "Tulikaa meza moja walimu watatu. Daraja moja, miaka ya kazi ileile, kalamu nyekundu zilezile. Tukaanza kutajiana mishahara. Mimi laki sita. Wa mjini laki sita, na posho ya nyumba juu. Wa kaskazini laki nane. Na mlinzi wa geti, aliyekuwa amesimama pale, akaangua kicheko, akasema yeye kampuni inamlipa laki sita kasoro kidogo, na sare na viatu bure. Akanitazama viatu."

"Ulivaa vipi?"

"Hivi hivi."

Fundi akavitazama viatu mlangoni. "Mimi nikipata nyumba ya vyumba vitatu, kuta za kupakwa mara mbili, siku nane tu nafikia mshahara wako."

"Ukiipata hiyo nyumba."

"Nikiipata. Tangu mwaka uanze nimepata mbili." Akakwangua rangi kwenye kucha. "Unajua kwa nini nilipaka? Siyo ndoo. Nani ana shida na ndoo. Nilisema ukirudi ukakuta shule nzuri kuliko zote, pengine moyo utasita. Pengine utaona kwamba huwezi kuiacha." Akacheka kicheko kifupi. "Na sasa mimi mwenyewe nimekufungia mizigo."

Mwalimu alitaka kumkasirikia, hata alikuwa na haki, lakini hasira alipoitafuta hakuipata. Alichokipata ni mapenzi makubwa kwa mtu huyu mwenye kope za njano, na hofu ya miaka mitatu bila kumwona.

"Kesho usiseme neno," alimwambia. "Kaa nyuma ya choo. Ukianza kusema huwa huachi."

"Sitafungua mdomo," Fundi akala kiapo.

*

Gari lilifika saa nne asubuhi, tope hadi kwenye vioo. Alishuka mama mmoja mnene wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, ndiye mkaguzi. Akashuka karani wa ile meza ya chai akiwa na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Na dereva akabaki kuzungukia magurudumu yake kwa huzuni.

Mkuu aliishi mbali, huko njia panda, na asubuhi hiyo alifika kwa baiskeli dakika moja tu kabla ya gari. Mwalimu alimkimbilia.

"Mkuu, siyo usafi. Ni posho. Wanataka kuona ugumu."

"Mwalimu, tabasamu," Mkuu akamwambia bila kusogeza midomo, akafunga vifungo vya koti, akaashiria watoto. Wimbo wa kuwakaribisha wageni ukaanza kwa sauti ya kuezua paa. Mwalimu akarudia maneno yake, lakini hata yeye hakuisikia sauti yake.

Wimbo ulipokwisha karani aliangalia huku na huku, akamwinamia mkaguzi. "Mama, hapa tunapoteza muda. Tuna shule tisa zaidi."

"Fomu ni fomu," mkaguzi akasema. "Uliza."

"Maji?"

"Tele!" Mkuu akajibu, akaonyesha mapipa manne yaliyojaa pomoni kando ya ofisi.

"Vyoo?"

"Vimepakwa rangi ndani na nje, mheshimiwa."

Mwalimu akamkanyaga Mkuu mguu. Mkuu akasogeza mguu kwa adabu, akaendelea kutabasamu.

"Umbali kutoka barabara ya lami? Rejista inasema mita mia mbili," karani akajiuliza na kujijibu.

"Ndugu karani," Mwalimu akasema, "hilo gari limepata tope hilo kwenye lami gani?"

"Mwalimu, wewe ndiye mwombaji. Maneno yako tunayo, kurasa nne. Mwombaji ana maslahi. Leo tumekuja kusikiliza macho." Akajumlisha pembeni ya fomu. Shule inayohitimu ilitakiwa kupata alama sitini katika mia. Mwalimu alizoea kusoma namba zilizogeuzwa juu chini, kwa kuwa watoto humwandikia hivyo. Alisoma ishirini na nane.

Dereva alikuwa amesogea kuomba maji ya kunawa. "Eti Mwalimu, hiyo theluthi wanayoizozania ni shilingi ngapi?" aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Laki mbili."

"Kwa wiki?"

"Kwa mwezi."

Dereva akafungua kinywa. Ilionekana wazi alikuwa anataka kutaja posho yake ya safari hiyo ya siku tatu. Akamtazama Mwalimu, akaona haya, akafunga kinywa, akaenda kunawa. Mwalimu aliona afadhali angeitaja. Uso ulimwaka moto.

Mkaguzi alikuwa ameingiwa na kijiwe kwenye kiatu. Akasogea kwenye ukuta wa Darasa la Kwanza, akaweka kiganja ukutani ili asimame kwa mguu mmoja, akatikisa kiatu, kijiwe kikaanguka. Akaondoa kiganja. Pamoja na kiganja likaja ganda la rangi ya pinki lenye ukubwa wa sinia, likaning'inia, likajikunja, likadondoka miguuni pake. Nyuma yake ulionekana udongo mtupu, mweusi kwa unyevu.

Halafu kutoka nyuma ya choo cha samawati ikasikika sauti ya mtu aliyeumia.

"Hapana! Hapana, mama, samahani, hiyo siyo rangi yangu!"

Mwalimu akafumba macho.

Fundi alikuja mbio, akaliokota lile ganda kwa mikono miwili kama mtoto aliyeanguka. "Yaani rangi ni yangu, lakini kosa siyo langu. Mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii. Nimepaka mikoa mitatu, rangi yangu haibanduki! Uliza mtu yeyote!"

"Mbona imebanduka?" mkaguzi akauliza, akivaa miwani.

"Kwa sababu huu siyo ukuta, mama! Huu ni udongo umeambiwa usimame. Angalia." Akapiga kwa kidole, na kipande kingine kikaanguka. "Tofali bichi, hakuna plasta, hakuna msingi. Mvua ikinyesha maji yanapanda kutoka chini, chumvi inatoka, hapo hata upake rangi ya ikulu itatoka. Nilikwangua siku mbili. Nilipaka praima, ile rangi ya msingi. Usiku ukuta ukatoa jasho, praima ikalala chini."

"Andika," mkaguzi akamwambia karani. "Endelea, fundi."

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ametukanwa ufundi wake mbele ya watu, na hakuona kingine chochote pale duniani. "Na rangi inataka maji, si ndiyo? Maji ya hapa ni kule nyuma ya kilima. Kwenda na kurudi saa moja na nusu, ndoo moja. Hayo mapipa mnayoyaona wazazi wamebeba siku mbili! Nusu darasa halikuja Jumanne, walikuwa njiani na madumu. Mimi brashi yangu nimeoshea maji ya kuoshea mikono ya Darasa la Kwanza."

Tabasamu la Mkuu lilikuwa limeanza kulegea. Alimgeukia Mwalimu, akanong'ona, "Ulisema posho?"

"Tangu asubuhi nasema."

"Na simu je?" mkaguzi akauliza. "Mawasiliano?"

"Simu? Mama, Jumatatu niliishiwa msasa. Nikapanda lile jiwe kule, nikampigia mtu wa duka, nikateremka. Nikafika chini nikakumbuka sikumtajia namba ya msasa. Nikapanda tena. Msasa wenyewe umefika jana, kazi imekwisha. Hilo gari la mizigo linasema halishuki huku, litashusha njia panda, lami ndiyo inaishia kule. Kilomita kumi na nne nimeleta ngazi kwa mabega!"

Karani akainua kichwa. "Rejista inasema mita mia mbili."

"Basi rejista ije inibebee ngazi," Fundi akasema.

Watoto wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka, lakini kalamu aliichukua kutoka kwa karani akaanza kuandika mwenyewe.

"Na mtu akiugua?"

Fundi akapandisha mkono wa shati. Kiwiko kilikuwa kimevimba, kimefungwa kitambaa chenye rangi ya njano. "Nilianguka Jumanne. Zahanati ni saa mbili kwa baiskeli. Na mkono wenyewe ndio huu wa kushikia baiskeli. Nikafunga kitambaa nikaendelea."

Mwalimu hakuwa amekiona kile kiwiko. Jana Fundi alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, usiku akalala kwa kugeukia ukutani. Alisogea hatua moja, akajizuia.

"Fundi," mkaguzi akasema, "swali la mwisho. Kazi kama hii, ukiitwa na mteja, unamtoza kiasi gani?"

"Inategemea mahali, mama. Mjini nina bei yangu. Vijiji vya barabarani, bei hiyohiyo. Lakini mahali kama hapa?" Akatikisa kichwa kwa uchungu wa biashara. "Mahali kama hapa naongeza theluthi. Siyo mimi peke yangu, mafundi wote. Muulize fundi bomba, muulize fundi paa. Hatuwezi kufanya kazi ileile, kwa shida hii, kwa bei ya mjini. Itakuwa ni wazimu."

Mkaguzi alimtazama Fundi, akamtazama Mwalimu, akaitazama fomu. Mwalimu alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akakibana kwa midomo na kwa mikono yote miwili. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa haelewi. Alikuwa ameshika ganda lake la pinki, akisubiri haki itendeke kwa rangi yake.

"Theluthi," mkaguzi akasema huku akiandika. "Karani, jumlisha."

Karani akajumlisha, akajumlisha tena. "Sabini na tatu."

Hapo Mwalimu akapiga moyo konde. Ilimbidi, maana asingeweza kulala. "Mama, kabla hujatia saini, ujue jambo moja. Huyu fundi ni mume wangu."

"Ahaa!" karani akaruka. "Basi naye ana maslahi!"

"Ukae kimya, kijana," mkaguzi akasema. Sasa ndipo alipocheka, mpaka miwani ikadunda kifuani. "Huyu mtu alikuwa anatetea rangi. Hakumkumbuka mkewe hata kidogo." Akaegemeza fomu kwenye boneti ya gari, akatia saini, akampa Mkuu naye atie ya kwake. Mkuu alitia haraka, kwa kuwa yeye pia alikuwa mwalimu, na yeye pia alikuwa na mshahara wenye theluthi inayokosekana. "Saini yangu ndiyo ya mwisho. Walimu wote saba, kuanzia mwezi ujao. Mwalimu, kurasa zako nne nilizisoma. Zilikuwa nzuri sana. Tatizo lake zilikuwa na adabu mno."

*

Gari lilipoondoka Mkuu alimkumbatia kila mtu aliyekuwa karibu, wakiwamo wazazi wawili ambao hakuwahi kupatana nao. Bibi, aliyekuwa amejificha nyuma ya mti tangu asubuhi akisubiri kuitwa akohoe, alitokea akipiga vigelegele. Walimu vijana wawili walianza kucheza katikati ya uwanja, na watoto, bila kujua sababu, wakacheza nao kwa nguvu zaidi kuliko wenye sababu.

Mwalimu alipanda lile jiwe, akampigia mwenzake wa kaskazini. Hilo lilikuwa gumu. Yule mwalimu alimpa hongera, na ilikuwa hongera ya kweli. Mwalimu akamwahidi kwamba Mkuu wake ana orodha ya walimu wanaotaka kubadilishana vituo, na kwamba wangemtafutia mtu mwingine kabla Ijumaa haijaisha. Aliposhuka akamweleza Mkuu, naye papo hapo akaandika majina mawili kwenye kiganja chake.

Mwalimu alimkuta Fundi palepale, mbele ya Darasa la Kwanza, peke yake. Alikuwa anaupima ule ukuta kwa jicho, akiinama, akinyanyuka, akinung'unika. Furaha ya watu wengine ilikuwa inampita pembeni.

"Wamesema nini?" aliuliza bila kugeuka. "Wameona kwamba siyo kosa langu?"

"Wameona."

"Maana nimeaibika, Mwalimu. Ganda zima namna ile, mbele ya watoto." Akakwangua kwa ukucha. "Nikwambie inavyotakiwa. Kwanza nikwangue yote. Halafu ukuta ukauke vizuri. Plasta. Ikauke. Praima. Hiyo siyo kazi ya siku mbili, ni ya miezi. Na nikianza sasa hivi, wewe utakuwa umeshaondoka, hutaiona."

"Chukua muda wako, Fundi," Mwalimu akasema. "Mimi sina safari."

Mkono wa Fundi ukasimama ukutani. Akageuka polepole, akamtazama mkewe, akatazama kule uwanjani Mkuu alikokuwa akicheza na koti lake begani, akamtazama tena mkewe.

"Huna safari?"

"Sina."

Fundi akataka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya ndoa yao maneno yakamkataa. Mwalimu akamshika ule mkono wenye kiwiko kilichovimba, taratibu, akamwongoza kuelekea nyumbani akafungwe kitambaa safi, na njia nzima Fundi alikuwa analia na kucheka, huku akisimama kila baada ya hatua kumi kumuuliza tena.